Nchi ya Moja-Mbili

Anayeingia Mojambili haulizwi anatoka wapi wala amekuja kwa nani. Huulizwa kuhusu chombo alichobeba. Afisa wa mpakani hukipokea kwa mikono miwili, hukigeuza, husoma tarehe iliyochapwa kwenye tumbo lake, kisha huamua kama mwenye chombo ni mtu wa kupewa kiti au mtu wa kusimama.

Sikudhani alisimama kwa saa mbili.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa teknolojia ya muziki, na chombo alichobeba kilikuwa kinasa sauti alichouziwa na mtu aliyeuziwa na mtu mwingine: kizito, chenye vitufe vya mpira vilivyofutika alama, na kifuniko cha betri kilichoshikiliwa kwa solotepu.

"Jina?" aliuliza afisa.

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina langu."

"Hata mimi nisingedhani," alisema afisa, macho yake yakiwa kwenye kinasa. "Kitu hiki bado kinatoa sauti?"

"Kinatoa, na kinanasa vizuri."

"Binti, sikuulizi kwa ubaya. Tuna makumbusho hapa. Ukitaka, wanakuja na gari kukichukua."

Sikudhani alikataa. Akapewa kibali cha siku kumi na mbili. Kibali kiliandikwa kwa jina la kinasa, na chini yake, kwa wino hafifu: "Pamoja na msindikizaji mmoja."

Siku kumi na mbili zilimtosha, kwa kuwa chuo chake nacho hakikumpa zaidi ya hizo. Katika miaka mitatu alikuwa ameanza kazi tisa na hakuwa amemaliza hata moja. Alianza kinanda cha mabomba ya plastiki, akakiacha ilipotoka programu mpya ya kuiga vinanda. Alianza kugeuza kelele za soko kuwa ngoma, akaacha katikati alipopata maikrofoni ndogo ya kubandika shingoni. Kila chombo kipya kilipotangazwa, aliamini kwamba kile kilichopungua katika kazi yake kimo ndani ya boksi hilo. Mkuu wa idara, mwanamke wa maneno machache, alimwandikia sentensi moja: lete wimbo mmoja mzima kabla ya tarehe kumi na tano, au toa nafasi kwa mwingine.

Akachagua kwenda Mojambili, kwa sababu vyombo vyote hufika huko kwanza. Alifikiri kwamba penye vyombo vingi pana nyimbo nyingi. Ni kosa ambalo wengi wamelifanya kabla yake, na hawakuhitaji kuvuka mpaka ili kulifanya.

Wimbo wenyewe ulikuwa umebaki kidogo. Aliujenga juu ya sauti ya cherehani ya shangazi yake, iliyokatika jino moja la gurudumu. Kwa sababu ya jino hilo, sindano ilishuka mara mbili kwa kishindo na mara ya tatu kwa wepesi, tena na tena, na mapigo yakawa matatu-matatu. Sikudhani aliyanasa siku moja shangazi akishona mapazia, akayapangia kinanda na besi. Kilichokosekana ni ubeti wa mwisho, na ubeti huo ulitaka sauti ya mwanamke mtu mzima.

Kwa hiyo alijiona ana bahati Idara ya Wageni ilipompangia nyumba ya Bi Zamda, mwimbaji mkuu wa taifa.

Desturi za nchi alijifunza haraka. Watu wakikutana, mmoja huuliza, "Umesasisha?" na mwingine hujibu, "Nasasisha." Hakuna anayejibu kwamba amesasisha. Ingekuwa majivuno, na pia ingekuwa uongo. Mtu akipata chombo kipya hakifungui peke yake. Majirani huitwa, hukaa mkekani, na kila utando wa plastiki unapobanduliwa wote hushusha pumzi kwa pamoja. Kilichomo huzungumzwa kwa siku moja. Boksi huwekwa sebuleni, ndani ya kabati la kioo. Familia zisizojiweza huazima maboksi matupu siku ya posa, na wakwe, kwa heshima, hawayanyanyui.

Siku ya pili alipelekwa kwenye tamasha. Watu elfu nane walijaa uwanjani. Bi Zamda alipanda jukwaani akiwa na gauni la fedha, akasogea kwenye maikrofoni, akangoja hadi uwanja mzima ukanyamaza.

"Moja," alisema.

Mafundi kumi na wawili waliinamia mitambo yao. Mmoja akainua kidole.

"Mbili," alisema Bi Zamda.

Uwanja ulisimama. Watu walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Bwana mmoja aliyekaa jirani na Sikudhani alifuta macho kwa leso.

"Umeisikia ile mbili?" alimuuliza.

"Nimeisikia."

"Ilikuwa na mkia. Baba yangu alifariki hajawahi kusikia mbili yenye mkia."

Bi Zamda alisema moja na mbili kwa muda wa saa nzima, mara kwa sauti nzito, mara kwa sauti nyembamba. Kisha akainama, taa zikazimwa, na watu wakaanza kutoka. Sikudhani alibaki kitini hadi mfagiaji alipofika miguuni pake.

"Wanaanza saa ngapi?" alimuuliza.

"Wanaanza nini?" alisema mfagiaji. "Inua miguu, dada."

Nyumbani, Bi Zamda alimweleza huku akifuta poda usoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, na nje ya jukwaa alizungumza polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

"Miaka thelathini, mwanangu," alisema. "Sijawahi kufika kwenye wimbo."

Sababu ilikuwa Sheria ya Kustaafu. Chombo hustaafu siku mrithi wake anapotangazwa. Hakingoji mrithi afike dukani, tangazo linatosha. Na ni marufuku kuimbia chombo kilichostaafu, kwa kuwa wimbo, kama inavyosema dibaji ya Sheria, unastahili kilicho bora. Matangazo hutolewa kila Jumatatu. Chombo kilichotangazwa huchukua wiki kadhaa kufika, na kikifika hukuta mrithi wake ameshatangazwa. Hivyo haikuwahi kutokea siku ambayo mwimbaji na chombo halali walikuwa katika chumba kimoja. Kilichoruhusiwa ni kujaribu, kwa sababu kujaribu hakuhitaji ubora. Kunahitaji tu sauti itoke.

Vizazi vitatu vilikuwa vimepita katika kujaribu. Kwenye karatasi Wamojambili walikuwa na namba zote, na walizitumia vizuri katika tarehe na majina ya matoleo. Mdomoni na sikioni hesabu iliishia mbili, kwa sababu baada ya mbili, kokote kwingine, watu huanza kuimba.

"Na wananchi hawalalamiki?" aliuliza Sikudhani.

"Wanalalamika sana. Wanasema matangazo yanachelewa."

Msomaji atatarajia kwamba mgeni alifunga mzigo wake asubuhi iliyofuata. Lakini asubuhi iliyofuata Idara ya Wageni ilileta mlangoni mashine mpya ya kunasia muziki, ya kuazima, na lazima isemwe kwamba alifurahi. Aliifungua mbele ya majirani na akashusha pumzi pamoja nao. Siku ya tatu ikaisha katika kusoma maelekezo. Siku ya nne na ya tano mashine ilikuwa inasasisha. Siku ya sita ilikuwa tayari, lakini ilikuwa Jumatatu, ikaondolewa saa nne asubuhi baada ya matangazo, na nyingine ikaletwa ya kuishikilia nafasi. Hiyo nayo ilikuwa na kioo kilichojua uso wake na kumkaribisha kwa jina. Ilimkaribisha mara kumi na saba kwa siku moja.

Siku ya saba alifanikiwa hatimaye kuuingiza wimbo wake ndani ya mashine. Fundi wa Idara alikuja kushuhudia. Sikudhani alivaa hedifoni, akasikiliza, akazivua, akazivaa tena. Cherehani ya shangazi ilikuwa inapiga mbili-mbili, sawasawa, kama askari wa gwaride.

"Imerekebisha yenyewe," alisema fundi. "Hukuhitaji hata kuigusa."

"Sikutaka irekebishwe."

"Hakuna anayetaka. Ndiyo maana inafanya yenyewe. Inaitwa kunyoosha."

"Hakuna kitufe cha kuzima kunyoosha?"

"Kilikuwepo. Toleo hili wamekiondoa, kurahisisha matumizi."

Fundi alikuwa mtu mwema na alisema hayo bila kebehi. Alimwonyesha jinsi mstari wa mapigo ulivyokaa vizuri sasa, hakuna pigo lililochungulia nje ya mstari. Sikudhani alimshukuru. Fundi alipoondoka, Sikudhani alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama mikono yake. Uchovu ulimshika kwenye vidole kwanza. Kwa siku tano vilikuwa vimebonyeza, vimetelezesha, vimekubali masharti, na havikuwa vimepiga noti hata moja.

Akaifunika mashine kwa shuka, akatoa kinasa chake cha zamani, akafungua dirisha na kuucheza wimbo kama ulivyokuwa, bila ubeti wa mwisho. Aliucheza mara nne siku hiyo na mara sita siku iliyofuata, akiandika na kufuta. Siku ya tisa barua ililetwa. Majirani walikuwa wameripoti "sauti yenye kasoro inayojirudia kwa makusudi." Alitakiwa kufika mbele ya Baraza la Matoleo.

Baraza lilikuwa na wajumbe sita na Kamishna mmoja, Bwana Toleo. Alikuwa mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mezani aliilaza simu yake kifudifudi, kwa sababu ilikuwa imestaafu Jumatatu iliyopita na haikuwa adabu kuionyesha uso.

"Binti Sikudhani," alisema, "hatuna ugomvi nawe. Tunataka kuielewa hitilafu. Cheza kidogo, kisha utuhesabie."

Alicheza kidogo. Kisha akahesabu kwa kugonga meza. "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu."

Wajumbe walitazamana.

"Ile ya mwisho," alisema Bwana Toleo. "Irudie."

"Tatu."

"Kwenye karatasi tunaifahamu. Sikioni imekuja kufanya nini?"

"Ndiyo inayouzungusha wimbo, Mheshimiwa. Bila hiyo unakwenda mbele tu."

"Na kwenda mbele kuna ubaya gani?"

Mjadala ulichukua saa tatu. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba kile kinachosikika baada ya mbili ni mwangwi wa moja. Mwingine alisema ni mbili ya pili, na kwamba kuna nchi ambazo mbili huja kwa awamu. Mama mmoja aliyekaa dirishani, mwenye sifa ya kufikiri, alipendekeza kwamba ni moja ya safari inayofuata, iliyowahi kufika. Pendekezo hilo liliwagawa. Ikiwa moja imewahi, je, ni kosa lake au ni kosa la mbili kwa kuchelewa kuondoka? Walipiga kura. Matokeo yalikuwa watatu kwa watatu. Karani alipoandika neno hilo, Baraza liliagiza lifutwe na kuandikwa "sawa kwa sawa."

Bwana Toleo hakupiga kura. Alisubiri wachoke, kisha akafungua mtoto wa meza na kutoa chombo.

Kilikuwa chembamba kama daftari, cheusi, bila kitufe hata kimoja, na kilimulika kabla hajakiweka chini. Hakikuwa kimetangazwa bado. Maana yake, alieleza Kamishna, hadi Jumatatu ijayo hicho ndicho kitakuwa chombo pekee halali duniani.

"Tunakupa," alisema. "Hatukuazimi. Wimbo wako utahamishiwa humu, utanyooka, na utaondoka nao kwenu. Usipokubali, kinasa chako kitastaafu, na kilichostaafu huingia Ghalani pamoja na kilichomo. Nakupa hadi adhuhuri ya siku yako ya mwisho."

"Hauwezi kuhamishwa bila kunyooshwa?"

"Tungetaka uwezekane," alisema Bwana Toleo, na ilionekana anasema kweli. "Hatujui tena njia yake."

Sikudhani alikitazama chombo. Mwezi mmoja nyuma angekubali kabla mtu hajamaliza sentensi. Hata sasa kidole chake kilisogea, na ilimbidi akikunje.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na Bi Zamda, aliyekuwa amekaa kimya nyuma ya ukumbi muda wote.

"Kichukue," alisema Bi Zamda. "Mimi ningekichukua."

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa. Ningekichukua, kisha ningekaa nacho miaka thelathini."

Walitembea.

"Huo ubeti uliobaki," alisema tena Bi Zamda, "unasemaje?"

Sikudhani alimsomea kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa:

*Kitambaa ni kidogo, mwili ni mkubwa,*
*uzi nilio nao ndio nitakaoutumia,*
*shingo ikibana, nitaacha kifungo wazi.*

Bi Zamda aliomba karatasi. Aliishika njia nzima bila kuitazama.

Siku ya kumi na moja walijifungia stoo, kati ya magunia na magodoro, ili sauti ya barabara isiingie. Sikudhani aliweka kinasa juu ya debe, akamvalisha Bi Zamda hedifoni, akaanzisha wimbo. Sauti iliyotoka kifuani mwa mwanamke yule ilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Ilipofika pigo la pili ikasimama. Bi Zamda alikuwa anangoja fundi ainue kidole.

"Endelea," alisema Sikudhani.

"Wapi?"

Walijaribu mara tisa. Kila mara alifika mbili na kusimama kama aliyefika ukingoni mwa paa. Alijaribu kufumba macho, akajaribu kugonga kwa mguu, na mguu nao ukasimama. Baada ya mara ya tisa alivua hedifoni.

"Mwanangu, usipoteze betri yako. Mimi sauti yangu ni ya mpakani. Inaishia pale."

Sikudhani alizima kinasa. Alikaa juu ya gunia. Ilikuwa imebaki siku moja, na chombo cheusi kilikuwa kinamsubiri kwenye meza ya Kamishna, kikimulika. Angeweza kusema ndiyo, akalala. Alitazama tu huku na huku bila nia, na jicho lake likaangukia ungo uliotundikwa ukutani.

"Mchele unaupepetaje, mama?"

"Kama watu wote."

"Nionyeshe."

Bi Zamda aliuchukua ungo kwa uvivu, ukiwa mtupu. Akaurusha, akaurusha, akautikisa. Akaurusha, akaurusha, akautikisa.

"Hizo ni ngapi?" aliuliza Sikudhani.

"Hazina ngapi. Hiyo ni kupepeta."

"Basi pepeta."

Alimvalisha hedifoni tena, ungo ukiwa mikononi, na hakumwambia kuhesabu. Bi Zamda alipepeta pamoja na cherehani ya mtu asiyemjua. Alipepeta hewa tupu kwa kiitikio kizima. Kisha, bila kuashiriwa na mtu, akaimba. Mstari wa kwanza ulitetemeka. Wa pili ulikaa. Kabla ya wa tatu alivuta pumzi kwa nguvu, mapema mno, kama mtu aliyeona kina cha maji, na akaingia.

Sikudhani alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Waliusikiliza wote mara moja, kila mmoja na sikio moja la hedifoni.

"Kumbe kunaendelea," alisema Bi Zamda. Akautundika ungo mahali pake na kwenda kuinjika chai.

Adhuhuri ya siku ya kumi na mbili Baraza lilikaa tena. Sikudhani aliweka kinasa mezani na kuucheza wimbo wote. Hakuna aliyemkatiza. Mguu wa mjumbe mmoja ulianza kutikisika chini ya meza, ukapotea njia, ukatulia. Mama wa dirishani aligeuza uso nje hadi wimbo ulipokoma, na baada ya hapo hakuugeuza ndani mara moja.

Bwana Toleo alikohoa.

"Jaribio limefaulu," alisema. "Sauti inatoka. Karani, andika: sauti inatoka. Sasa, binti, wimbo wenyewe ni lini?"

"Ndio huo, Mheshimiwa."

"Huo tumeusikia, na tunashukuru. Nauliza ule wenyewe."

"Hakuna mwingine baada ya huo."

Kamishna alimtazama kwa huruma. Karani aliinua mkono akaomba uchezwe tena, kwa ajili ya kumbukumbu. Alikumbushwa kwamba fomu ina nafasi ya mstari mmoja, na mstari umeshajaa. Akashusha mkono.

"Unanyoosha?" aliuliza Bwana Toleo.

Chombo cheusi kilikuwa palepale, na kilikuwa kizuri.

"Sinyooshi."

Hapo ikatokea shida ya kisheria. Ghala hupokea vyombo vilivyowahi kusasishwa walau mara moja. Kinasa hiki hakikuwa kimesasishwa tangu kizaliwe, na hakikuwa na mahali pa kupokelea sasisho. Walifungua vitabu. Chombo kisichosasishika si mstaafu, ni taka. Na taka hairuhusiwi kulala nchini. Hutolewa siku hiyohiyo na mkono ulioileta, kabla ya ofisi kufungwa. Baraza lilifarijika kupata kifungu.

"Na wewe, Bi Zamda," alisema Kamishna wakati watu wakiinuka, "nimeisikia sauti yako mle ndani. Ina hitilafu."

"Najua."

"Ijumaa una uwanja."

"Ninao. Nitapanda, nitasema moja, nitasema mbili. Kisha nitaona."

Aliagana na Sikudhani pale ngazini, kwa mkono, bila maneno mengi. Alisema tu kwamba miguu inamuuma, na kwamba chai ya barabarani asiinywe.

Bwana Toleo mwenyewe ndiye aliyemsindikiza hadi lango la kutokea. Haikuwa desturi yake. Lango lilipoonekana, alipunguza mwendo.

"Kuna pumzi," alisema. "Karibu na mwisho. Imewahi kidogo."

Sikudhani alisimama. "Umeisikia?"

"Nilikuwa fundi kabla ya kuwa Kamishna. Masikio hayastaafishwi." Alishusha sauti. "Kesho, Jumatatu, tunatangaza chombo kinachoondoa pumzi. Kinaiondoa kama unywele kwenye maziwa. Naweza kukuongezea kibali, siku kumi na mbili nyingine. Kuhusu mapigo yako sitasema neno. Pumzi ile tu."

Sikudhani naye alikuwa ameisikia. Tangu jana aliisikia kila alipofumba macho, na kila mara kidole chake kilitafuta kitufe cha kurudia. Ungebaki wimbo uleule, ila bora zaidi. Siku kumi na mbili si nyingi. Chuo kingeweza kuandikiwa barua. Alizijua hoja zote kabla hazijafika, kwa sababu kazi zake tisa ziliagwa kwa hoja hizohizo.

"Nimechoka, Mheshimiwa," alisema.

"Sote tumechoka," alisema Bwana Toleo. "Ndiyo maana tunangoja kilicho bora."

Kwenye dirisha la taka alikaa afisa mwanamke mwenye miwani, na mbele yake fomu moja na saa ya mezani. Alimwomba aweke kinasa ndani ya mfuko wa manjano.

"Aina ya taka?"

"Kinasa sauti."

"Hali? Hapa lazima ujaze. Kimekwisha au hakijakwisha. Kama hakijakwisha hakitoki. Unarudi nacho ndani ukakishughulikie."

Bwana Toleo alikuwa amesimama hatua chache nyuma, mikono mgongoni, akisubiri. Sikudhani aliutazama mfuko. Aliisikia tena pumzi ile, mahali pake, mapema mno. Akasikia na mstari uliofuata.

"Umekwisha," alisema.

"Kimekwisha," afisa alimsahihisha, kalamu ikiwa tayari. "Kinasa, kimekwisha. Mnafundishwa nini huko kwenu?"

"Kinasa bado kinafanya kazi, dada. Andika umekwisha."

Afisa aliinua macho juu ya miwani, akatazama saa, akaona dakika zilizobaki hazitoshi kubishana sarufi na mgeni. Akaandika kama alivyoambiwa, kwa herufi kubwa, na chini yake akaweka tarehe.